WATU wa Derby House: wanawake waliofikiri vita vya baharini

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Naomba nianze na sakafu. Mwaka 1942, ndani ya jengo la Derby House mjini Liverpool, kulikuwa na chumba ambacho sakafu yake ilichorwa miraba, na miraba ile ikawa ndiyo bahari ya Atlantiki. Pembeni paliangikwa turubai, na kwenye turubai yakatobolewa matundu. Nyuma ya kila tundu alisimama ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza, mtu aliyekwisha kuona kwa macho yake meli zikiungua na watu wakizama, na kupitia tundu lile aliruhusiwa kuona kiasi kile tu ambacho angekiona akiwa juu ya manowari yake usiku wa giza. Waliokuwa sakafuni, magoti chini na chaki mkononi, wakisogeza manowari, meli za mizigo na nyambizi za adui, walikuwa wasichana. Wengi walikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupigana baharini, kwa sababu kanuni za jeshi hazikumruhusu mwanamke kupanda manowari kwenda vitani.

Njia ya manowari waliichora kwa chaki nyeupe. Njia ya nyambizi waliichora kwa chaki ya kijani, na walikuwa na sababu: ukichungulia kwa pembe ya lile tundu, rangi ya kijani ilipotea juu ya sakafu ya kahawia. Ofisa aliona meli zake na hakumwona anayemwinda. Msichana aliyesimama juu ya ile chaki aliwaona wote wawili, akajua nani anakosea, na wapi, na dakika gani.

Kitengo kile kiliitwa Western Approaches Tactical Unit, yaani kitengo cha mbinu za vita cha Njia za Magharibi. Waingereza, kama ilivyo desturi yao, walichukua herufi za mwanzo wakakiita WATU. Nilipolisoma jina hilo kwa mara ya kwanza nilisimama hapo hapo. Walioliandika hawakujua Kiswahili na hawakukusudia kutuambia lolote, lakini kwangu limebaki kuwa jina la haki kuliko majina yote ya vita vile. Maana ninachotaka kusema leo ni hicho tu: palikuwa na watu pale, wakifikiri, na historia ikawaandika kama vifaa.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Uingereza ni kisiwa. Chakula, mafuta, vyuma na silaha vilikuja kwa meli kutoka ng'ambo ya Atlantiki, na meli zilisafiri kwa misafara, zikisindikizwa na manowari chache. Nyambizi za Ujerumani, zikiongozwa na Karl Dönitz, ziliwinda misafara hiyo kwa makundi kama mbwa mwitu. Mwaka 1942 peke yake nyambizi za maadui zilizamisha zaidi ya meli 1,000. Winston Churchill aliandika baada ya vita kwamba hatari ya nyambizi ndiyo kitu pekee kilichomtia hofu ya kweli katika miaka yote ile. Manowari za kusindikiza zilikuwapo, na ujasiri wa mabaharia haukupungua. Kilichokosekana ni ufahamu: hakuna aliyejua kwa hakika nyambizi inafanya nini hasa inaposhambulia msafara usiku.

Mwezi Januari 1942 kazi ya kutafuta jibu akapewa Gilbert Roberts, ofisa aliyekuwa ameondolewa jeshini mwaka 1938 kwa sababu ya kifua kikuu. Wanaume wenye afya walikuwa baharini, kwa hiyo akapewa wanawake wa Women's Royal Naval Service, wale walioitwa akina Wren. Miongoni mwa wa kwanza walikuwamo Jean Laidlaw, aliyekuwa na kichwa cha hesabu, na Janet Okell. Hadi vita vinakwisha, wanawake 66 walikuwa wamepita katika kitengo kile.

Kazi yao ya kwanza nataka tuitazame taratibu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba hawakuwa wakitii tu maagizo.

Mwezi Desemba 1941 msafara ulioitwa HG 76 ulitoka Gibraltar kurudi Uingereza. Msindikizaji wake, Frederic John Walker, alikuwa na mbinu yake mwenyewe: meli ikipigwa usiku na torpedo, lile kombora linalokwenda majini, manowari zote zinageuka kwenda nje ya msafara, zinamulika bahari na kumwaga mabomu. Walker alizamisha nyambizi kadhaa katika safari ile, na kila mtu akaamini kwamba mbinu hiyo ndiyo jibu. Roberts na akina Wren wakaichukua safari nzima, wakaiweka sakafuni, wakaichezea upya hatua kwa hatua. Hapo wakakutana na jambo lisiloeleweka. Baadhi ya meli zilizopigwa katika misafara zilikuwa katikati kabisa, zimezungukwa na safu za meli nyingine. Torpedo la umeme la Wajerumani lilikwenda kama mita 5,000 likaishiwa nguvu. Liliwezaje kutoka nje, likapita kati ya safu, likaiacha meli ya kwanza na ya pili, likaipiga ya katikati?

Walijaribu njia moja baada ya nyingine, na jibu lililobaki lilikuwa moja. Nyambizi haikuwa nje. Ilikuwa ndani ya msafara.

Na hapo mambo mengine yakajipanga yenyewe. Nyambizi ikiwa juu ya maji iliweza kwenda maili 17 za baharini kwa saa, wakati msafara mzito ulijikokota kwa maili saba au nane. Basi usiku inakuja kwa nyuma, upande wa tezi, ambako walinzi hawatazami sana kwa kuwa kila jicho liko omo. Inaingia kati ya safu, inapiga kwa karibu, kisha inazama na kukaa kimya, msafara unapita juu yake na kuiacha nyuma. Manowari zinakimbilia pembeni kumulika maji matupu. Mshambuliaji yuko chini, anasubiri kelele zipungue.

Ukishalijua hilo, dawa yake haiko mbali. Chini ya maji nyambizi inatembea polepole mno, haiwezi kufika mbali. Manowari zirudi nyuma ya msafara, zijipange, zifagie eneo lile kwa asdiki, chombo kile cha kupeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Wakaijaribu sakafuni, ikafanya kazi. Mkuu wa kamandi, Admirali Percy Noble, alikuwa na mashaka na mchezo ule wote, lakini alipooneshwa hakungoja. Habari ikapelekwa kwa Churchill, na mbinu ikatumwa kwenye manowari.

Jina la mbinu hiyo alilitoa Laidlaw. Aliiita Raspberry. Ni tunda, lakini Waingereza huliita hivyo pia lile tendo la kutoa ulimi na kupuliza midomo kumdharau mtu. Sisi tungesema alimsonya Hitler. Baadaye zikafuata mbinu nyingine zenye majina ya matunda kama Pineapple na Gooseberry, na mabaharia katikati ya dhoruba wakawa wanaitana kwenye redio kwa maneno yaliyozaliwa kwenye sakafu ile.

Mwezi Novemba 1942 Noble akaondoka, akaja Admirali Max Horton. Huyu hakuwa mtu wa kudanganyika kuhusu nyambizi. Mwaka 1914, akiwa kamanda wa nyambizi E9, aliizamisha manowari ya Kijerumani iitwayo Hela, na ikawa mara ya kwanza kwa nyambizi ya Uingereza kuzamisha manowari ya adui. Alitaka kuujaribu mchezo yeye mwenyewe, akachagua kuwa nyambizi. Upande wa pili, asiyeonekana, aliwekwa Janet Okell akiongoza wasindikizaji. Horton akashambulia, akazamishwa. Akarudia, akazamishwa. Inasimuliwa kwamba alicheza mara tano na mara zote tano akashindwa, akakasirika, akadhani ameibiwa, mpaka alipoletewa mbele yake yule aliyemshinda.

Nimewahi kuwasikia watu wakiisimulia hadithi hiyo kwa kicheko, mzee mwenye nishani ameangushwa na binti. Mimi naona inapoteza maana yake ikisimuliwa hivyo. Okell hakubahatisha mara tano. Alikuwa ameiona vita ile ikipigwa sakafuni mara nyingi kuliko nahodha yeyote aliye hai. Nahodha baharini anapata mashambulizi machache katika maisha yake, na mengine hayamwachi arudi kusimulia. Okell alikuwa ameyatazama yote kutoka juu, kijani na nyeupe, akajua nyambizi hufikirije. Huo ni ujuzi wa vita.

Maofisa kama 5,000 walipita kwenye mafunzo yale hadi mwaka 1945. Kila kozi ilichukua siku sita. Akina Wren walikuwa wakisimama nyuma yao kwenye turubai, na ofisa alipokwama, walimnong'oneza: labda, bwana, ungefikiria kugeukia huku? Kwa upole, kwa heshima, kwa sababu cheo hakikuwaruhusu kusema vinginevyo. Wengi walikuja wakinuna kwamba wanafundishwa na wasichana, na wakaondoka wakiwategemea.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1943 msafara ONS 5 ulivamiwa na nyambizi zipatazo 40. Ulipoteza meli 13, na hizo si chache, kila moja ilikuwa na watu. Lakini katika mapigano yale, mwanzoni mwa mwezi Mei, nyambizi sita zilizamishwa. Mwezi huo wote Wajerumani walipoteza nyambizi 41, na tarehe 24 Mei Dönitz akaziondoa nyambizi zake Atlantiki ya kaskazini. Sitawadanganya kwamba ilikuwa kazi ya chaki peke yake. Palikuwa na rada mpya, ndege za masafa marefu na ujumbe wa siri uliofumbuliwa. Hata hivyo rada haikuambii ugeukie wapi baada ya kumwona adui. Hilo walilifundisha wale mabinti. Na Wajerumani walipokuja na torpedo jipya linalofuata sauti ya rafadha, mwezi Septemba mwaka huo huo, ni sakafu hiyo hiyo iliyotoa mbinu ya kulikwepa, Step Aside.

Sasa, kwa nini majina haya ni mageni masikioni mwetu?

Akina Wren waliandikishwa kwa bango lenye maneno yanayosema: jiunge, umpishe mwanamume aende na manowari. Yatafakarini maneno hayo. Thamani ya mwanamke imepimwa kwa mwanamume aliyeachiwa nafasi. Yeye mwenyewe anachofanya mezani hakikutajwa. Ukiandikwa hivyo siku ya kwanza, utasomwa hivyo miaka themanini. Vera Laughton Mathews, aliyekuja kuwa mkuu wa akina Wren mwaka 1939, alikwenda makao makuu ya jeshi la majini mwaka 1914 kuomba kazi, akajibiwa kwamba pale hawataki sketi. Miaka 25 baadaye sketi zilitakiwa, na mwaka 1944 zilikuwa zaidi ya 70,000, lakini lugha ya kuzielezea haikubadilika. Msaidizi. Karani. Msichana wa ramani.

Joan Clarke alifika Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua misimbo ya adui, mwezi Juni 1940, akitoka Cambridge alikofaulu hisabati kwa daraja la juu kabisa, ingawa chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948. Aliwekwa na wasichana wa ukarani. Siku chache baadaye akapewa meza chumbani kwa mwanahisabati Alan Turing, akaanza kufumbua Enigma, mashine ya msimbo ya jeshi la majini la Ujerumani, ile ambayo bila kuifumbua huwezi kujua kundi la nyambizi liko wapi. Serikali haikuwa na daraja la mshahara la mwanamke mfumbuaji. Ili aongezwe fedha kidogo, wakamwandika kuwa mtaalamu wa lugha. Hakujua lugha za kazi ile, na kwenye fomu alijaza: daraja, mtaalamu wa lugha, lugha, hakuna. Mwaka 1944 alikuwa naibu mkuu wa kitengo chake. Ndugu zangu, mtafiti akifungua jalada lile leo kutafuta wanahisabati wa vita, atampita.

Mavis Lever, naye wa Bletchley Park, alikuwa na miaka 19. Akiwa na kikosi kidogo cha mfumbuaji Dilly Knox, mwezi Machi 1941, alifumbua ujumbe wa jeshi la majini la Italia uliosema kwa ufupi kwamba leo ni siku ile, toa tatu. Siku tatu zimebaki, lakini za nini? Walikesha, wakafumbua na mengine, mpango mzima ukawa wazi, ukapelekwa kwa Admirali Andrew Cunningham huko Aleksandria. Usiku wa tarehe 28 Machi, karibu na rasi ya Matapan, Italia ilipoteza manowari tano na mabaharia wapatao 2,300. Cunningham alikuja mwenyewe baadaye kumshukuru Knox na wasichana wake. Shukrani ilitolewa chumbani, mlango umefungwa, na siri ikafungwa pamoja nayo hadi miaka ya 1970. Siri iliwabana wanaume pia, hilo nalikubali. Lakini siri ilipofunguliwa, wanaume walikuwa na vyeo vya kuwatambulisha, na wanawake walikuwa na neno wasichana.

Kuna elimu moja ambayo sisi wa lugha hii, lugha iliyozaliwa ufukweni, tunapaswa kuiheshimu upesi: kujua maji. Tarehe 20 Novemba 1943 Wamarekani walishambulia kisiwa cha Betio, Tarawa, katika Pasifiki. Maji yalikuwa mafu. Mvuvi yeyote anajua maana yake: siku za maji mafu bahari haijai vya kutosha. Mashua za kushushia askari zikakwama juu ya mwamba, askari wakalazimika kutembea majini mamia ya mita huku wakipigwa risasi. Zaidi ya Wamarekani 1,000 walikufa kwenye kisiwa kile kidogo. Mwanamke aliyeongoza kitengo cha elimu ya bahari cha jeshi la majini la Marekani aliitwa Mary Sears. Alikuwa mtaalamu wa viumbe vidogo vya baharini, na taasisi aliyofanyia kazi kabla ya vita haikuwaruhusu wanawake kusafiri na meli yake ya utafiti. Yeye na wenzake walikusanya kila kilichojulikana kuhusu kujaa na kupwa, mikondo, mawimbi na miamba ya fukwe ambako askari wangeshuka. Waliandika pia vitabu vya kuwaongoza makamanda wa nyambizi, kuwaonyesha mahali ambapo joto la maji hubadilika ghafla kina fulani, kwa sababu chini ya tabaka hilo sauti hupinda na nyambizi hujificha isisikike. Huo ndio moyo wa mkakati wa nyambizi, na uliandikwa na mwanamke aliyekatazwa kupanda meli. Mwaka 2000 Marekani iliteremsha majini meli ya utafiti yenye jina lake. Alikuwa amefariki miaka mitatu kabla.

Vita hivi vilifika pia kwenye bahari ya Hindi. Wajapani waliposhambulia Colombo mwezi Aprili 1942, kituo cha Waingereza cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya Kijapani kilihamishiwa Kilindini, Mombasa, ndani ya shule ya Allidina Visram. Miongoni mwa wafanyakazi wake walikuwamo akina Wren. Mawasiliano yalinaswa kwa shida kwa sababu ya umbali, lakini ni hapo hapo mwaka 1942 ulipofumbuliwa msimbo wa meli za biashara za Japani. Sijui ni wangapi wanaopita mbele ya jengo lile wakilijua hilo.

Na waliokatazwa kwenda vitani, vita viliwafuata. Mwezi Agosti 1941 akina Wren 21, wafumbuaji na wapokezi wa redio, walikufa pamoja na muuguzi mmoja meli yao Aguila ilipopigwa na nyambizi wakielekea Gibraltar. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297. Wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wetu, na pamoja nao walizama wanawake 77, wauguzi na akina Wren. Wanawake sita waliokolewa. Siku hiyo ninaitaja kila ninapopata hadhara, kwa sababu maji yale hayakutenganisha rangi wala jinsia, na vitabu vimewaacha wote pamoja: askari Mwafrika na msichana wa redio.

Nirudi Liverpool nimalizie. Ujerumani iliposalimu amri mwezi Mei 1945, Gilbert Roberts alitumwa Flensburg kuwahoji maofisa wa makao makuu ya nyambizi. Alisimulia kwamba alipoingia katika chumba chao cha operesheni alikuta ukutani picha kubwa. Ilikuwa picha yake mwenyewe, na chini yake maneno ya kuwaambia maofisa kwamba huyu ndiye mpinzani wenu, mkuu wa mbinu za kupambana na nyambizi. Wajerumani walikuwa wamegundua kwamba kuna akili fulani Liverpool inayowashinda, wakaitafutia sura. Walipata sura ya mwanamume mmoja aliyevaa sare. Laidlaw, Okell na wenzao 64 hawakuwamo kwenye ukuta ule.